Hata Yeye Amefika

Vijana mliobaki kazini mmeniomba niwaandikie jinsi tulivyoanza kupandisha wageni mlima Matogoro. Mmesema niandike "mafanikio na changamoto". Mafanikio mnayaona wenyewe: mna viatu. Sisi tulianza na makatambuga ya tairi. Changamoto ni neno la semina, na mimi semina nilizohudhuria nilikuwa nagawa maji. Nitaandika kazi kama nilivyoifanya. Ndani ya kazi hiyo kuna jambo moja baya ambalo nilishiriki, na sitaki mlisikie kwa mtu mwingine.

Shule niliachia darasa la sita. Baba alitangulia, mama akafuata kabla ya mavuno, nami ndiye niliyekuwa mkubwa. Nyuma yangu walikuwepo watatu, na aliyenifuata ni Osmundi. Nilipika pombe, nililima vibarua Lusewa, nilibeba tofali. Kwa hiyo Bwana Elifasi alipofika Songea kutoka Arusha na mahema mawili, akitafuta watu wa kubeba mizigo ya watalii, niliona ni kazi ileile, ila mzigo una mikanda.

Siku ya kwanza tulikuwa wanaume saba na mimi. Elifasi alinitazama, akamtazama Mzee Gaudensi, ambaye alikuwa amepasua mbao mlima ule tangu ujana wake na ndiye aliyetupanga.

"Mzee, huyu mama ataweza?"

"Muulize yeye. Mdomo anao."

"Dada, utaweza?"

"Nipe mzigo kwanza," nikasema. "Swali utaniuliza tukirudi."

Tuliporudi hakuuliza. Wanaume wawili kati ya wale saba hawakurudi siku ya pili.

Mzee Gaudensi ndiye aliyenifundisha kazi. Alinifundisha kufunga begi ili uzito ukae kiunoni, mabega yabaki ya kuongozea tu. Alinifundisha kwamba mgeni akisema hajachoka, usimtazame usoni, mtazame magoti. Chumvi iwekwe mfuko wa juu, kwa sababu ikilowa mtashinda na njaa. Na alikuwa na sheria moja aliyoirudia mpaka ikatukera: usimshike mtu ambaye hajakuomba mkono. Mtu anayepanda ana mizani yake mwenyewe. Ukimdaka kiwiko kwa huruma, unamwangusha kwa huruma hiyohiyo.

Sasa nieleze kuhusu Osmundi. Mdogo wangu hutembea kwa magongo mawili. Mguu wake wa kushoto haubebi kitu. Alikuwa fundi cherehani pale mtaa wa Mfaranyaki, mashine ya mkono, mkono mmoja unazungusha na mwingine unasukuma kitambaa. Mahema ya Elifasi yalipoanza kuchanika nikampelekea. Akayashona vizuri kuliko yalivyotoka kiwandani, kisha akaanza maswali. Hili limechanikia wapi? Upepo unatoka upande gani? Mlilifunga kwenye mti au jiwe? Mwishoni akasema, "Dada, siwezi kuendelea kushona kitu kinachoharibikia mahali nisipopajua."

Nilicheka. Mzee Gaudensi hakucheka. Msimu wa mvua, wageni walipokuwa hawapo, alimchukua Osmundi akaenda naye taratibu. Waliondoka alfajiri, wakafika kileleni jua limeshapinda, wakashuka Osmundi akiwa na malengelenge kwenye viganja makubwa kama maharage. Baada ya wiki mbili akarudi tena. Alishona vitambaa vya kuvika vishikio vya magongo, akagonga mpira wa tairi kwenye ncha, akauchonga mpira ule meno ili ushike tope. Kufikia mwaka uliofuata alikuwa anapanda kwa mwendo wa mgeni wa kawaida, na mgeni wa kawaida, ninyi mnajua, anasimama kila hatua ishirini kupiga picha mende.

"Huyu ana miguu minne," Mzee Gaudensi aliwaambia wapagazi. "Ninyi mna miwili na bado mnateleza."

"Mbuzi naye ana minne, mzee," Osmundi akajibu, "na sijaona umemwajiri."

Alikuwa hatanii. Alitaka kazi, na hakutaka kazi ya kushona. Alitaka kuwa mwongoza watalii. Alijifunza majina ya miti, kwa Kiswahili, Kingoni na Kiingereza. Alijifunza kufunga mfupa uliovunjika na kumshusha mtu aliyepungukiwa pumzi. Daftari lake la njia lilikuwa na mambo ambayo hata mimi, niliyepita kila juma, sikuwahi kuyaona, kwa sababu mimi nilitazama mbele na yeye alitazama anapokanyaga.

Ndipo ikaja siku ya picha. Elifasi alisema kampuni inahitaji tovuti na mabango, akaleta mpiga picha kutoka Dar es Salaam, kijana mwenye adabu, aliyewaamkia wote shikamoo hadi waliokuwa wadogo kwake. Tulipanda naye. Osmundi alipanda nasi. Sehemu ya mwisho, pale penye majabali, alitangulia, kwa sababu alizoea kupanda sehemu ile kwa pumzi moja bila kusimama. Nilipofika juu nilimkuta ameketi kwenye jiwe anakunywa uji kutoka kwenye chupa.

Moyo wangu ulijaa. Nilimlea yule. Nilimgeukia mpiga picha nikapaza sauti, "Mwandike huko kwenye mabango yenu! Hata yeye kafika!"

Kijana akashusha kamera. "Dada, hebu rudia hiyo."

Nikarudia.

"Safi sana. Sasa mbebe kidogo mgongoni. Picha moja tu."

Osmundi akasema, "Anibebe kwa nini? Nimeshafika."

"Ya kufurahisha tu, kaka. Dada na mdogo wake."

Nami nikachuchumaa. Sikufikiri. Alipokuwa mdogo nilimpeleka shule mgongoni kila asubuhi, na mgongo una kumbukumbu zake, hauulizi ruhusa. Osmundi akatikisa kichwa, akacheka, akapanda. Kijana aliyachukua yale magongo akayaweka nyuma ya jiwe. Alisema yanachafua picha.

Bango liliwekwa barabara ya kuingia mjini. Mimi nimeinama, kofia imenifunika uso, naonekana kama mpagazi yeyote. Juu yangu yupo Osmundi, anacheka, mikono imening'inia. Chini, kwa herufi ndefu kama mtoto: HATA YEYE AMEFIKA. WEWE JE?

Nilimpeleka kuliona. Kusema kweli nilitegemea afurahi. Alisimama chini yake muda mrefu, ameegemea magongo yasiyokuwemo kwenye picha.

"Dada, hili 'hata' umelitoa wapi?"

"Nilisema kwa furaha, Osmundi."

"Najua ulisema kwa furaha. Ndiyo maana wameliandika kubwa."

"Sasa ubaya wake uko wapi?"

"Watu husema hata mtoto anaweza. Hata mlevi anaijua njia ya kwake. Umewahi kusikia mtu akisema hata mkuu wa mkoa amefika?"

Nimeishi na neno lile tangu nianze kuongea, nikadhani ni la kuongezea tu, kama chumvi. Kumbe lina sakafu. Ukimwambia mtu "hata yeye", umeshaonyesha umemweka chini kiasi gani kabla hajapanda.

Bango lilifanya kazi. Wageni waliongezeka, hilo siwafichi. Na pale Mfaranyaki vijana wa bodaboda walimpa Osmundi jina jipya.

"Hata Yeye! Njoo nikubebe!"

"Nibebe," alikuwa akiwajibu, "ila picha usipige." Wakicheka, naye anacheka, anaingia kibandani kwake. Mke wa jirani aliniambia kwamba akishaingia huwa hawasikii mashine ikizunguka kwa muda. Wateja wake, watu waliomwita fundi kwa miaka, wakaanza kuuliza, "Hivi yule dada yako bado ana nguvu za kukubeba?" Aliwaeleza mara ya kwanza, ya pili, ya kumi, kwamba alipanda mwenyewe. Walimwambia pole. Kisha akaacha kueleza.

Ilipotangazwa nafasi ya mwongoza watalii, Osmundi aliomba. Usaili ulifanyika ofisini kwetu, ndani ya kile chumba chenye ramani. Kwa wakati ule mimi nilikuwa msimamizi wa wapagazi, kwa hiyo niliketi upande wa wenye kuuliza, karibu na Elifasi. Mzee Gaudensi alikuwa amelazwa kwa ugonjwa uliomwondoa.

Osmundi alijibu kila swali. Aliulizwa afanye nini mgeni akiteguka mguu wakati wa mvua, akaeleza hadi aina ya fundo. Elifasi alifunga faili lake.

"Osmundi, hapa hakuna anayebisha. Mlima unaujua. Lakini nifikirie mimi. Mgeni ametoka stendi, amekuona kwenye bango umebebwa mgongoni. Kesho asubuhi unasimama mbele yake unamwambia, nifuate. Atakufuata?"

"Toeni bango."

"Bango ndilo lililomleta."

"Basi mwambieni nilipanda kwa magongo yangu."

"Kwenye picha hayapo."

"Kwenye picha hayapo kwa sababu yalifichwa nyuma ya jiwe. Dada alikuwepo."

Elifasi akanigeukia. "Dada Skola, wewe unasemaje?"

Nieleze nilivyokuwa. Mdogo wetu wa mwisho alikuwa chuo cha ualimu, na aliyemtangulia alikuwa na mimba na hana mume. Nilimwogopa Elifasi, si kwa sababu alikuwa mkali, alikuwa mpole, ila kwa sababu kila kilichokuwa juu ya meza yetu nyumbani kilipita mkononi mwake. Nilijua jibu la kweli. Nilikuwa nalo mdomoni, fupi tu: alipanda mwenyewe, magongo niliyaona yakifichwa, nilimbeba baada ya kufika, mpeni kazi.

Nikasema, "Tumpe muda."

Ninyi mnaofanya kazi ofisini mnaijua kauli hiyo. Haina hasira, haina tusi, na haijawahi kuzaa kitu. Elifasi aliitikia kama mtu aliyetuliwa mzigo. Akamwambia Osmundi kwamba, wakati tunampa muda, kuna kazi nyingine: siku za wageni wengi akae kule juu, wakifika wapige naye picha. "Watu wanakupenda, Osmundi."

Osmundi aliinuka. Alimshukuru Elifasi kwa nafasi ya usaili. Mimi hakunitazama. Pale ofisini kwetu palikuwa na ngazi tatu mlangoni, na kutoka dirishani nilimwona akizishuka moja moja, akiweka gongo, mguu, gongo, bila haraka, kama mtu asiyetaka kuteleza mbele ya watu wale.

Ngazi zile nilizikumbuka tena miezi michache baadaye. Alikuja mwalimu mmoja kutoka Namasakata, mama anayetumia kiti cha magurudumu. Aliliona lile bango akiwa ndani ya gari, akamwomba mumewe asimame. Hakuweza kuingia ofisini, nami nikazungumza naye nikiwa juu ya ngazi, yeye chini, kama hakimu na mshtakiwa.

"Njia ya kupandia ina upana gani?" akaniuliza.

"Mama usijali, tutakubeba."

"Sikuuliza kama mnabeba. Nimeuliza njia."

"Njia ni nyembamba, mama. Ila kuna vijana wenye nguvu."

"Huyo wa kwenye bango alibebwa safari nzima?"

Mara ya pili nikaulizwa swali lilelile, sasa bila Elifasi pembeni, bila cha kuogopa. Nikamwambia ukweli. Alipanda mwenyewe. Alibebwa dakika moja, kwa ajili ya picha.

Akasema, "Kwa hiyo mlikuwa na mtu anayejua kupanda na ulemavu, mkaonyesha ya kwamba hajui. Yuko wapi nizungumze naye?"

Nikasema hayupo kazini. Akaniambia nimsalimie. Mumewe alikigeuza kiti wakaondoka. Hakuna kilichobadilika ofisini siku hiyo isipokuwa kwamba nilikwenda kwa Elifasi na kumwomba atoe bango. Hakukasirika. Alinionyesha ukurasa mpya wa tovuti kwa Kiingereza, ambako Osmundi alikuwa sasa "Shujaa wa Matogoro", aliyezaliwa kijiji cha mbali kisicho na barabara. Osmundi amezaliwa Mfaranyaki, mita chache kutoka lami. Nikamwambia hivyo. Elifasi akasema wageni hawawezi kujua. Kampuni yetu ilikuwa na shujaa ambaye ilikataa kumwajiri.

Osmundi aliomba mara ya pili, baada ya misimu kadhaa. Sikuwa chumbani mara hiyo. Nilikuwa mlimani na kundi. Waliniambia mazungumzo yalikuwa mafupi. "Tulishaongea, tukasema tukupe muda." Walilitumia neno langu, na walikuwa na haki ya kulitumia.

Kuna jambo kuhusu magongo ambalo sikulijua. Mtu wa magongo anatembea kwa mabega. Kila jabali Osmundi alilopanda, alilipanda kwa mabega, na bega halikuumbwa kuwa nyonga. Daktari alimweleza kwamba vifundo vimelika na havirudi. Miaka ile aliyokuwa na nguvu za kufanya kazi ile ndiyo miaka niliyosema tumpe. Leo anafika kituo cha kwanza cha mapumziko, pale penye kijito, na hapiti hapo.

Ningependa kuwaandikia kwamba siku moja ukungu ulishuka, kundi likapotea, na Osmundi akaja na magongo yake akatuokoa sote. Hadithi za namna hiyo mnazipenda kwenye kurasa zenu. Haikutokea. Ukungu ulishuka mara nyingi, tukajiokoa wenyewe, naye alikuwa Mfaranyaki anashona zipu.

Bango lilikwisha kwa jua. Uso wake ulififia kabla ya maandishi. Kwa msimu mzima lilibaki neno HATA na umbo jeupe juu ya mgongo wangu. Kisha wakaweka la kamba za kuteleza angani. Nilidhani limekwisha. Lakini mwezi niliostaafu, mmoja wenu, simtaji, aliweka mtandaoni picha ya dada asiyeona aliyekuja na kikundi cha kanisa, ameshikwa mikono huku na huku, na maandishi: "Kama yeye ameweza, wewe una sababu gani?" Kijana huyo ana moyo mzuri. Mimi pia nilikuwa nao. Nilimuuliza yule dada anaitwa nani. Hakujua. Nilimuuliza kama alimwomba ruhusa ya maneno yale. Akasema, "Shangazi, ni ya kumtia moyo." Kumtia nani moyo? Yeye alikuwa ameshafika.

Kwa hiyo mkitaka ushauri wa kazi kutoka kwangu, ni huu. Kabla hamjamweka mtu kwenye tangazo, jiulizeni kama mngempa kazi. Kama jibu ni hapana, picha hiyo inamuuza. Muulizeni anataka kusemwaje. Vifaa vyake viacheni vionekane, ndivyo alivyopandia. Na siku mtakapoitwa chumbani mkaulizwa mnasemaje, semeni mlichokiona.

Nilipomaliza kuandika nilimpelekea Osmundi karatasi hizi. Nilizoea kumfanyia mambo bila kumuuliza, nikaona safari hii nimuulize. Alisoma akiwa na mkasi mkononi. Alipofika kwenye kurasa mbili nilizoeleza ugonjwa wake wa utotoni, homa ile, na jinsi mama alivyolia, alizikata, akazikunja, akaziweka kwenye kapu la vitambaa.

"Mbona unazikata? Ni za kweli."

"Ni za kweli. Lakini hapo watasikitika, na mtu akishasikitika anaona amemaliza kazi. Hawataendelea kusoma."

"Na pale niliposema tumpe muda? Nikate?"

"Hapo usiguse. Hapo ni pako."

Akaendelea kusoma hadi mwisho, akanirudishia. Nilimuuliza kama kuna cha kuongeza. Nilitegemea aseme amenisamehe, au hajanisamehe. Alifungua mtoto wa meza akatoa daftari lake la njia, akaniambia nichukue kalamu.

"Andika. Ukishavuka kijito njia inagawanyika. Wote mnapitisha wageni kulia kwa sababu panaonekana tambarare. Chini ya majani yale ni changarawe, inakwenda na mtu. Pita kushoto. Kuna mizizi mitatu inayokatiza. Wa kwanza na wa tatu inashika, wa pili umeoza ndani, usiuamini. Baada ya hapo kuna jabali lenye ufa. Mtu wa magongo aweke gongo la kulia ndani ya ufa, si juu yake, ajisukume mara moja. Asisimame katikati. Mtu asiyeona, mpe mkono wake aguse ufa huo kwanza, atajua afanye nini. Mwenye kiti cha magurudumu hapiti, na mwambieni hivyo akiwa bado yuko nyumbani kwake, si mkiwa mmeshamfikisha pale. Umeandika?"

"Nimeandika."

"Soma."

Nikamsomea. Alisahihisha mahali pamoja, nilikuwa nimeandika "juu ya ufa".

"Niandike nani amesema?" nikamuuliza. "Ili vijana wajue."

Alikuwa ameshashika mpini wa cherehani.

"Andika fundi wa mahema," akasema. "Mwongoza watalii sikuwa."